Jinsi ya Kuchagua Mradi Mgumu wa Elektroniki Ambao Utaumaliza

Chini ya meza yangu ya kazi kuna boksi la viatu. Kwa muda mrefu lilikuwa na bodi nne ambazo hazikuwahi kufanya kazi: redio ya mawimbi mafupi, kiendeshi cha mota, chaja ya betri, na kitu kimoja chenye nyaya nyingi ambacho hata mimi sikumbuki tena kilikusudiwa kuwa nini. Kila moja niliianza kwa moto, na kila moja iliingia boksini kimyakimya.

Siku moja nilizimwaga zote mezani nikajiuliza zilikufaje. Nilidhani jibu litakuwa kwamba zilinizidi kimo. Kumbe sivyo. Mchoro niliusoma nikauelewa, hesabu zilikubali, vipuri nilikuwa navyo. Zilikufa siku ile nilipowasha umeme kukawa kimya, nami sina njia ya kujua ukimya ule unatoka wapi. Tangu hapo sichagui mradi kwa kufikiria utakavyopendeza ukikamilika. Nafikiria utakavyokuwa siku ukigoma, na kama nitaweza kuona ndani yake.

Mwongozo huu unamfaa mtu aliyekwisha kuvuka hatua ya kuwasha LED na kusoma sensa kwa Arduino, ambaye sasa anataka kitu cha kumtoa jasho.

Hatua ya 1: Chunguza marehemu wako

Kabla hujatafuta mradi mpya, toa ile ya zamani iliyokwama. Kwa kila mmoja andika sentensi moja: ulikwama wapi. Usiandike "nilikosa muda". Muda hukosekana kwa kitu kisichosogea. Kikisogea, utaiba hata saa za kulala. Andika kitu kinachoshikika: "chipu haikujibu kwenye I2C (nyaya mbili ambazo chipu huongea kwazo) nikaacha", "lehemu za miguu midogo ziligusana", "programu ilikwenda lakini vipimo viliruka ruka".

Sentensi tatu nne zikikaa pamoja zinaanza kufanana. Zangu zote zilikuwa ni "sikujua kama sehemu fulani inafanya kazi". Rafiki yangu alipofanya zoezi hili aligundua kwamba yeye hukwamia kwenye kasha. Saketi zake zote zinakwenda vizuri, ila zimebaki uchi juu ya meza kwa sababu hapendi kupima na kutoboa matundu. Mradi wa kunisukuma mimi hautamsukuma yeye.

Hatua ya 2: Utaje ugumu kwa jina lake

Watu husema "nataka mradi mgumu" kana kwamba ugumu ni kitu kimoja. Kuna ugumu wa ishara ndogo, pale unapokuza mikrovolti na kila kitu duniani kinataka kuingia humo. Kuna wa masafa ya juu, ambapo waya si waya tena bali ni koili, na nyaya mbili zilizokaribiana ni kapasita. Kuna wa nguvu: ampea nyingi, joto, transista za kupasuka. Kuna wa mantiki na muda, kama kompyuta za kujiundia na FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga mwenyewe). Kuna wa mikono: kulehemu vitu usivyoviona bila lenzi. Na kuna wa programu, ambao wengi wetu huukimbilia kwa sababu hauunguzi kitu.

Kanuni yangu ni kwamba mradi uwe na ugumu mpya wa aina moja tu. Mengine yote yawe mambo unayoyafanya huku unasikiliza redio.

Tazama mizani ya kidijitali. Ukinunua kihisi cha uzito na bodi ya HX711, mradi huo unaumaliza kwa jioni moja wala hautakufunza mengi, kwa sababu chipu hiyo ya biti 24 imekwisha kukufanyia kazi yote ngumu. Sasa iondoe. Sema utatengeneza amplifaya mwenyewe kwa opampu, ile chipu ya kukuza ishara. Kihisi cha kilo 10 cha kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha. Ukikilisha volti 5, uzito wa kilo 10 kamili unakupa milivolti 10, na hapo gramu moja ni mikrovolti moja. Chukua opampu ya bei rahisi kama LM358: hata pembejeo zake zikiwa sawa kabisa, yenyewe inajidanganya kwa kiasi cha milivolti 2 hivi. Hizo ni kilo mbili za hewa tupu juu ya mizani yako. Kosa hilo lingekuwa la kudumu ungelitoa kwa kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, lakini linahama na joto, mikrovolti kadhaa kwa kila nyuzi moja. Pumulia saketi yako uone gramu zinavyotembea. Halafu kuna viungio vyenyewe: shaba inapokutana na lehemu, upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, hapo nako huzaliwa mikrovolti. Mtu anayepigana na haya kwa mwezi mmoja, mpaka afike kwenye opampu za aina ya chopa, zinazojirekebisha kosa hilo zenyewe, na kuelewa kwa nini ziliundwa, ametoka na elimu ambayo bodi kumi za kuchomeka hazitampa.

Na angalia kinachobaki: programu ya mizani ni rahisi, nguvu ni ndogo, hakuna masafa ya juu. Tena ishara ni ya taratibu, kwa hiyo ukishaikuza mara 100 unaweza kuifuata hatua kwa hatua kwa multimita ya kawaida. Ugumu ni mmoja, na unaonekana.

Ulinganishe na roboti ya magurudumu mawili inayojisimamisha, ambayo kila mtu anaitamani. Ina sensa ya mwendo inayotaka kuchujwa, hesabu za udhibiti, kiendeshi cha mota, gia zenye ulegevu, na betri inayoshuka volteji mota zinapovuta. Ikianguka, imeangushwa na nani? Kila mmoja anamsingizia mwenzake. Sisemi usiijenge. Nasema uijenge ukiwa umekwisha kumalizana na mota na sensa kwenye miradi mingine, kibaki kitu kimoja tu cha kukutesa.

Hatua ya 3: Jiulize utaonaje ukigoma

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Redio ile ya boksini ilikuwa ya mita 40, aina inayogeuza mawimbi moja kwa moja kuwa sauti. Moyo wake ni osileta: koili na kapasita vinavyotetemeka karibu na megahezi 7. Nilipomaliza kulehemu nikavaa hedifoni, nikasikia mvumo hafifu na hakuna zaidi. Nikapima volteji zote kwa multimita. Zote zilikuwa sawa na za kwenye mchoro. Nikabadilisha transista mara mbili, kisha nikaiweka boksini.

Miezi baadaye nilijifunza mbinu mbili za zamani ambazo hazihitaji kifaa chochote cha maana. Ya kwanza: weka multimita kwenye emita ya transista ya osileta, kisha gusa koili kwa kidole. Ikiwa osileta inatetemeka, kidole kinaizima au kuidhoofisha, na volteji inasogea kidogo. Isiposogea, ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Nilipogusa, namba ikaruka. Kumbe ilikuwa hai muda wote ule! Mbinu ya pili: chukua redio nyingine ya mawimbi mafupi, ilaze karibu, zungusha kitafutio polepole. Osileta yako ni kituo kidogo kisichosema kitu. Ukifika kwake ule mchakacho wa redio unatulia ghafla. Nilianza megahezi 7 nikashuka. Nikaikuta 6.4.

Chanzo kilikuwa koili. Nilitumia pete nyekundu ya T50-2, ambayo kwa mizunguko 23 inatoa mikrohenri 2.6, ukiiunganisha na pikofaradi 200 unapata takriban megahezi 7. Mimi nilizungusha 25, maana nilikuwa nahesabu huku nikiongea na simu. Kwenye pete kila waya unapopita tunduni ni mzunguko mmoja, na kosa la miwili linatosha kukuhamisha zaidi ya nusu megahezi. Nilifungua mizunguko miwili, nikalehemu tena, na jioni ile nikasikia watu wanagonga msimbo wa Morse. Dakika kumi za kazi, baada ya miezi ndani ya boksi.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kipuri chochote, chora mradi wako kwa vibweta vitano au sita, na juu ya kila mshale unaounganisha vibweta andika: "hapa patakuwa na nini, na nitakiona kwa kifaa gani?" Mshale ambao hauna jibu ndio utakaokuzika.

Kuhusu vifaa vyenyewe. Multimita inaona vitu vinavyokaa tuli. Kichambuzi cha ishara za kidijitali, kile kidogo cha njia 8 kinachochomekwa kwenye USB na kuchukua sampuli milioni 24 kwa sekunde, kinaona mazungumzo ya I2C, SPI na bandari za mfululizo, na kwa maoni yangu kinafaa kununuliwa kabla ya osiloskopu ikiwa miradi yako ni ya mikrokontrola. Osiloskopu inaona umbo la wimbi, lakini ina mipaka yake: gawa 0.35 kwa upana wa masafa yake upate upandaji wa kasi zaidi inaoweza kuonyesha. Ya megahezi 100 inaishia kwenye nanosekunde 3.5. Kitu chenye kasi kuliko hapo utakiona kimelainishwa, nawe utaamini kimelainika kweli.

Tena kifaa chenyewe kinaingilia. Probu ya kawaida ikiwekwa kwenye 10x huongeza pikofaradi 10 hadi 15 mahali unapopima. Kwenye ile osileta yangu, pikofaradi 3 tu zinahamisha masafa kwa zaidi ya kilohezi 50, yaani robo ya bendi nzima ambayo katika sehemu nyingi za dunia inaanzia megahezi 7.0 hadi 7.2. Ukiiwekea probu unapima saketi nyingine, si ile uliyoijenga. Na ule waya mrefu wa ardhi wenye klipu ya mamba, kwenye saketi za kasi hukuonyesha mitetemo ambayo saketi haina. Niliwahi kuwinda mtetemo wa namna hiyo siku nzima kwenye regyuleta. Nilipofupisha waya wa ardhi ukatoweka.

Hatua ya 4: Anza na sehemu inayokutisha

Ukishapata mradi mmoja au miwili inayopita hatua ya tatu, usianze kwa kulehemu sehemu unazozijua. Wengi hufanya hivyo kwa sababu inapendeza: pawasaplai iko tayari, skrini inawaka, vitufe vinabonyezeka, na ile sehemu ngumu inasubiri mwishoni kama deni. Chukua mwisho wa juma mmoja, jenga sehemu inayokutisha peke yake, katika umbo lake dogo kabisa.

Mfano ninaoupenda ni kompyuta ya kujiundia kwa prosesa ya W65C02S, mzao wa ile 6502 ya mwaka 1975. Bado inatengenezwa, na inapatikana ikiwa na miguu 40 mikubwa inayoingia kwenye bredibodi, ule ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu. Kinachotisha ni prosesa yenyewe: utajuaje kama iko hai wakati kumbukumbu haipo, programu haipo, skrini haipo?

Unafanya hivi. Miguu minane ya data unaifunga kwa rezista, mingine juu na mingine ardhini, ili isomeke 11101010 daima. Hiyo ni EA kwa hesabu ya kumi na sita, na kwa prosesa hii EA ni amri ya "usifanye kitu, nenda mbele". Miguu ya udhibiti, yaani RDY, IRQB, NMIB, SOB na BE, unaivuta juu. Ukiiacha ikining'inia hewani utapata vituko visivyoelezeka. Unaipa saa ya megahezi 1, unaishikilia RESB, mguu wa kuanzisha upya, chini kidogo kisha unaiachia. Prosesa inakwenda kutafuta pa kuanzia, inasoma EA mara mbili, inaruka hadi anwani EAEA, na kutoka hapo inatembea anwani moja moja ikikuta "usifanye kitu" kila mahali mpaka mwisho wa dunia yake yenye anwani 65,536, kisha inazunguka tena. Weka LED yenye rezista kwenye A15, mguu wa juu kabisa wa anwani. Kila amri inachukua mapigo mawili ya saa, kwa hiyo mzunguko mzima unachukua milisekunde 131, na LED itapepesa karibu mara nane kwa sekunde. Inaonekana kwa macho matupu.

Kwa chipu moja, rezista kadhaa na LED umeshajibu swali lililokuwa linakutisha. Ikipepesa, mradi endelea nao. Isipopepesa, makosa yanayowezekana hayazidi vidole vya mkono mmoja. Hapo pia W65C02S inakusaidia, kwa vile inavumilia saa ya polepole hata iliyosimama kabisa. Unaweza kuipigia mapigo kwa kitufe, moja baada ya jingine, ukitazama anwani zinavyobadilika. Zile 6502 za mwanzo haziruhusu hilo: saa ikipoa sana zinasahau zilichokuwa nacho.

Kila mradi una jaribio la namna hii ukilitafuta. Kwa kiendeshi cha mota ni transista mbili, rezista kubwa badala ya mota, na pawasaplai yenye kikomo cha mkondo. Kwa mizani ni amplifaya peke yake ikiwa na vigawanyo vya rezista badala ya kihisi. Ukikosa kabisa jaribio dogo, yaani mradi hauwezi kusema lolote mpaka vyote viungane, huo ni mtego, uache upite.

Neno moja kuhusu bredibodi. Kwa mantiki ya taratibu ni rafiki mkubwa. Kwa masafa ya megahezi kadhaa na kuendelea, na kwa pawasaplai za kukatakata, ni adui: kati ya safu na safu kuna pikofaradi chache, na mguso wa chemchemi hauvumilii ampea nyingi. Saketi hizo zijenge juu ya bati la bodi ya shaba lisilochongwa, ardhi ikiwa ndilo bati lenyewe na vipuri vikining'inia juu yake kama buibui. Haipendezi hata kidogo, na inafanya kazi.

Hatua ya 5: Vipuri, kwa haraka

Soma karatasi ya data ya kila chipu kuu kabla ya kuagiza, hasa ukurasa wa viwango vya kikomo na ule wa mchoro wa umbo. Kilichoua miradi mingi ni kugundua, kifurushi kikiwa mkononi, kwamba chipu ni ya umbo la QFN: haina miguu ya kuonekana, nafasi kati ya vituo ni milimita 0.5, na tumboni ina bati linalotaka kulehemiwa kwa hewa ya moto. Umbo la SOIC, lenye miguu ya kuonekana na nafasi ya milimita 1.27, linalehemika na mtu yeyote mwenye subira. TSSOP ya 0.65 inataka flaksi nyingi na mkono uliotulia. Kwa rezista na kapasita, saizi ya 0805 ni milimita 2.0 kwa 1.25 na ni raha; 0603 inawezekana; 0402 ni milimita moja kwa nusu, na ukipiga chafya umeipoteza. Ikiwa ugumu ulioutaja katika hatua ya pili si wa mikono, chagua umbo kubwa bila aibu.

Chipu utakayoijaribu kwa fujo nunua tatu. Ya kwanza itaungua, ya pili utakuwa na wasiwasi nayo, ya tatu ndiyo utakayojengea. Angalia kama bado inatengenezwa. Na kama chipu mbili zinaongea, hakikisha zinaongea kwa volteji moja: pini za mikrokontrola ya ESP32 ni za volti 3.3, Arduino Uno ni ya 5, na kukutana kwao bila kigeuzi ni namna ya kimyakimya ya kuharibu ESP32.

Hatua ya 6: Ugumu usiostahili kuwa wako

Kuna miradi inayoitwa migumu lakini kwa kweli ni ya hatari, na hatari haifundishi chochote. Transfoma ya maikrowevu ndiyo naiweka ya kwanza. Inatoa volti zipatazo 2,000 zenye mkondo wa kutosha kuua papo hapo, na imeua watu waliokuwa wakichoma michoro kwenye mbao kwa ajili ya mapambo. Hakuna namna nzuri ya kuicheza. Saketi zilizoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani pia ziache kwanza: umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa kwenye kapasita kwa volti 325 hivi, na unabaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Ukitaka kujifunza pawasaplai, anza na adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 12 au 24, ujenge kuanzia hapo.

Betri za lithiamu si mwiko, ila chaja ya kujibunia ni. Seli ya kawaida inajaa kwa volti 4.2; kuipitisha hapo ni kuchezea moto kwa maana halisi. Tumia chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na seli yenye ulinzi. Chaja yangu iliyomo boksini itabaki boksini.

Na kama mradi unarusha mawimbi hewani, uliza sheria ya leseni ya mahali ulipo kabla ya kuwasha. Kupokea kwa kawaida hakuna shida kubwa. Kurusha ni habari nyingine.

Baadhi ya miradi na maoni yangu

Redio ya kupokea ya mawimbi mafupi: nampa yeyote anayeogopa masafa ya juu. Vipuri vyake vyote ni vikubwa, volteji ndogo, na zawadi yake inasikika masikioni.

Pawasaplai ya mezani yenye kikomo cha mkondo: ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiingiza volti 24 na kutoa 3.3 kwa ampea 1, wati karibu 21 zinageuka joto, kwa hiyo bati la kupooza linakuwa nusu ya mradi. Nusu ya pili ni mrejesho: saketi inaweza kuanza kutetemeka yenyewe huku multimita ikikuonyesha volteji safi kabisa. Usiijenge bila osiloskopu, hata ya kuazima. Faida yake ni kwamba utaitumia kwenye kila mradi utakaofuata.

Kompyuta ya 65C02: ndiyo, ukiipenda mantiki. Nyaya ni nyingi na zitalegea. Lakini kila kitu kinaweza kusimamishwa na kutazamwa.

FPGA: watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Tangu mwaka 2015, mradi wa IceStorm ulipotoa zana huria za chipu za iCE40, unaweza kuanza kwa bodi ndogo na programu za bure. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kabla ya kugusa bodi, unaiga saketi yako nzima kwenye kompyuta na kuona kila waya wa ndani, kila pigo la saa. Kwa kipimo changu cha kuona ndani, hakuna mradi unaoshinda huu. Ugumu wake ni kujizoeza kwamba huandiki programu, unaelezea saketi ambayo sehemu zake zote zinakwenda kwa wakati mmoja.

Mchemraba wa LED wa 8 kwa 8 kwa 8: LED 512 za kulehemu, zote sawa. Huo ni ugumu wa subira tu. Kama unataka kitu cha kutuliza akili, mzuri. Kama unataka kujifunza, utakuwa umeshajifunza yote kwenye LED ya ishirini.

Kituo cha hali ya hewa cha sensa za kuchomeka: umeshakijenga mara mbili. Usijidanganye.

Hatua ya 7: Andika mwisho wake kabla ya mwanzo

Mradi usio na mwisho ulioandikwa hukua kila unapoukaribia. Andika sentensi moja yenye namba. "Mizani isome gramu 500, na kwa saa nzima isikosee zaidi ya gramu 1." "Redio ikae ndani ya kilohezi 1 kwa dakika kumi baada ya kupata joto." "Kompyuta ichapishe herufi moja kwenye terminali." Skrini ya rangi, kasha la mbao na programu ya simu viandike kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo usiiweke mezani.

Chini ya sentensi hiyo bandika mchoro wa vibweta wa hatua ya tatu, pamoja na tarehe ya mwisho wa juma utakaofanya jaribio la hatua ya nne. Karatasi yangu ya sasa inasema: "Kihesabu masafa, tarakimu sita, kisome osileta bila kuigusa." Juu ya mshale wa kwanza, ule unaotoka kwenye koili ndogo ya kunusa mawimbi, nimeandika "redio ya pili". Mshale wa tatu bado hauna kitu, kwa hiyo vipuri sijaagiza.